Siku Nilipoyumba Mbele ya Simu

Nilianguka kanisani, Jumapili moja ya mwezi wa sita, nikitoka kupokea komunyo. Sikujikwaa. Hapakuwa na tope, jiwe wala mzizi. Palikuwa na marumaru mpya ambazo sisi waumini wenyewe tulizichangia, zimepigwa deki mpaka taa zinaonekana chini. Niligeuka nirudi kwenye benchi langu, mguu wa kulia ukaenda, wa kushoto ukachelewa, nikajikuta nimekaa sakafuni katikati ya njia huku mikono bado imefumbatwa. Wanakwaya hawakukatiza wimbo. Mama mmoja nyuma yangu aliniinua kwa kwapa akaninong'oneza, "Pole, ni hizi marumaru."

"Ni hizi marumaru," nikamwitikia. Lakini nilijua si hizo.

Shamba letu liko Pito, ng'ambo ya kijito. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimevuka kijito hicho juu ya magogo mawili, jembe begani na mzigo kichwani, mara nyingine mvua ikinipiga usoni. Magogo yale hayajawahi kunitupa. Sasa nimeanguka penye sakafu, mchana kweupe, mikono mitupu. Nilijisikia kama niliyegeukwa na mtu niliyemlisha miaka yote. Wakati ule nilidhani ni mwili tu utakaonifanyia hivyo.

Tulizaliwa watatu. Mimi ni wa kwanza, ananifuata mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba ni wa kike. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi ya msimu uleule hayajakauka. Nilikuwa darasa la tano. Kwa wiki mbili nilikwenda shule na kitinda mimba mgongoni, nikimnyonyesha kidole wakati wa hesabu. Wiki ya tatu sikwenda. Hakuna aliyenikataza. Ndugu za baba walikaa kikao wakataka kutugawa, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Nilisimama mlangoni nikasema hatugawanyiki, nitalima. Mzee mmoja aliniuliza jembe nitaliinua kwa mkono gani, maana mikono ilikuwa kama mabua. Nikamjibu kwa yote miwili. Wakatuacha, nadhani wakitegemea kuturudia baada ya msimu mmoja. Hawakulazimika kuturudia.

Kitinda mimba huyo siku hizi ni mwalimu mjini, na ndiye aliyenipeleka hospitali baada ya kuanguka. Walinipima presha, wakanitazama macho na masikio, kisha wakanipeleka kwa daktari wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono baridi.

"Mama, simama hapa. Miguu pamoja. Sasa fumba macho."

Nikafumba. Sakafu ikaanza kutembea.

"Fumbua. Weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, kama unatembea juu ya kamba."

Hapo nilijikaza, jasho likanitoka ingawa ilikuwa kipupwe na watu wamevaa makoti.

"Vizuri. Sasa inua mguu mmoja, mimi nahesabu."

Alifika nne. Nikashika meza.

"Nipe ndoo," nikamwambia.

"Ndoo ya nini, mama?"

"Ya maji, kichwani. Nikiwa na ndoo siyumbi."

Alicheka, kitinda mimba akacheka, na mimi pia. Kisha kijana akatulia. Akasema huenda ni kweli, kwa sababu mwenye ndoo hunyoosha shingo na kutazama mbele, na akishaitua anaanza kutazama miguu yake. Akanieleza kwamba kusimama imara ni kazi ya misuli, macho na masikio kwa pamoja, kwamba kazi hiyo hupungua umri ukienda, na kwamba inaweza kufundishwa upya hata kwa mtu wa umri wangu. Nisimame kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika. Nitembee kwenye mstari, kisigino kwa vidole. Nikae kwenye kigoda na kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Niachane na kandambili. Kama kuna njia nyingine ya kuvuka maji, niachane na magogo.

"Kila siku, mama. Siyo siku ukikumbuka."

Mimi ni mtu wa kila siku. Hicho ndicho kitu pekee ninachoweza kujisifia. Kesho yake nilichota majivu jikoni nikachora mstari uani, kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu. Asubuhi nilitembea juu yake nikiwa nimenyoosha shingo kama nina ndoo. Nilipiga mswaki nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja kwenye fremu ya mlango. Sikupenda kuhesabu namba kwa sababu nikiyumba nazisahau, basi nilipima kwa Salamu Maria. Wiki ya kwanza sikufika nusu ya sala.

Jirani yangu alinichungulia juu ya uzio.

"Mwenzangu! Majivu uani, mguu mmoja juu, jua halijatoka! Na sisi hapa Sumbawanga na sifa zetu tulizopewa za uchawi! Mgeni akikuona si atakimbia?"

"Mwache akimbie. Mimi mwenyewe bado siwezi."

Alicheka mpaka akashika uzio. Siku ya pili nikamwona kwake, nyuma ya banda la kuku, ameinua mguu.

Wiki ya pili kitinda mimba alikuja na sukari na mkate. Akanikuta uani. "Dada, nionyeshe hayo mazoezi," akasema, na akatoa simu.

"Hiyo simu ya nini?"

"Nakuhesabia muda, dada."

Simu yangu mimi ni ya kitochi, ya kupiga na kupokea. Sikujua simu yake inahesabu namna gani, nami nilifurahi kwamba ameuliza. Nikasimama. Nikashika fremu kwa kidole, nikamaliza karibu nusu ya sala.

"Safi sana! Fanya tena, dada, bila kushika."

Nilijua bado. Lakini ni yeye aliyeomba, na tangu akiwa mchanga sikuwahi kujua namna ya kumnyima. Nikaachia fremu. Nikayumba, mikono ikapigapiga kama mabawa ya kuku anayekimbizwa, kanga ikanishuka, nikaangukia ubavu wa mlango na kiwiko kikachubuka. Nikacheka. Naye akacheka. Akanipaka dawa, akanipikia chai, na alipoaga akasema atapita shambani kuchuma mboga. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea njiani. Nakumbuka nilijiambia, angalau mmoja amenirudia.

Zikapita wiki nyingi. Upepo wa mwezi wa nane ulifuta mstari wangu kila siku, na kila siku niliuchora upya. Siku moja nilijikuta nimemaliza Salamu Maria nzima juu ya mguu wa kulia bila kushika. Wa kushoto ulichukua mwezi mzima zaidi. Njia ya magogo niliiacha kama nilivyoambiwa, nikawa nazunguka kwenye karavati ya barabara, robo saa zaidi kila safari. Ilinikera, lakini nilizunguka.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mawingu yakaanza kukusanyika, nikaenda kutazama ntumba zangu.

Ntumba ni namna yetu ya kulima. Mvua zikielekea ukingoni, majani yakiwa marefu na mabichi, unayakata na kuyageuza pamoja na udongo wake mpaka yafukiwe, unapata kilima cha duara kinachofika gotini. Shamba zima linakuwa vilima vitupu. Kazi hiyo hufanywa mguu mmoja ukiwa juu na mwingine bondeni, toka asubuhi. Juu yake unapanda maharage. Ukishavuna maharage unaziacha ntumba kiangazi chote, majani yaoze ndani. Kwa nje zinaota magugu, magugu yanakauka, na mtu asiyejua ataona pori. Mvua za kwanza zikishuka unazipasua, udongo mweusi unatoka, unausambaza na kupanda ulezi. Za mwaka huu nililima mwezi wa tatu, peke yangu, kabla ya marumaru.

Katikati ya shamba nilimkuta mwanamume wa makamo, amevaa kofia, anatembea kwa hatua ndefu huku akihesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, mama, napima. Nimepewa hili shamba nilime msimu huu."

"Nani kakupa?"

"Wenyewe. Bwana mmoja wa Katandala. Anasema dada yao mkubwa amechoka, hata kusimama hawezi, na shamba limelala. Alinionyesha na video. Mama wa watu, anatia huruma kweli, anayumba mlangoni kama..."

Akanitazama. Akatazama jembe langu. Akatazama kanga yangu, na nadhani aliikumbuka.

"Ndiye mimi huyo mama wa watu," nikamwambia.

Akavua kofia. Kisha akainama akaichimba kwa vidole ntumba iliyokuwa karibu, na udongo uliotoka ulikuwa mweusi na laini, una harufu ya majani yaliyooza vizuri.

"Lakini mama, hili halijalala."

"Halijalala."

"Nani amelima ntumba hizi?"

Nikaliinua jembe.

Akajifuta vidole kwenye suruali. "Mimi ni Mfipa, mama. Niliambiwa pori. Sikuambiwa ntumba za mtu. Kaelewaneni na nduguzo. Jumapili baada ya misa nitakuja hapahapa, mniambie. Ila ntumba za mtu aliye hai mimi sipasui bila yeye mwenyewe kuniambia pasua."

Kesho yake, Jumamosi, nilipanda bodaboda mpaka Katandala, nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume. Ana nyumba nzuri, ana kazi ya ofisini, na ana tumbo. Nilimkuta sebuleni pamoja na kitinda mimba, chai mezani.

"Dada! Si ungesema nije nikufuate!"

"Nionyeshe video."

Kitinda mimba akaweka kikombe chini. Mdogo wangu akasema video gani, kisha akaona uso wangu, akatoa simu.

Sikuwahi kujiona kwenye simu. Nilikuwa mdogo kuliko ninavyojidhania. Mikono ilipigapiga, kanga ikashuka, nikaangukia mlango. Na nyuma ya picha ilisikika sauti ya kitinda mimba, tamu, ya kubembeleza: "Fanya tena, dada, bila kushika." Kisha kicheko. Vicheko viwili, changu na chake. Baada ya video ilifuata picha ya shamba, ntumba zangu zikiwa na magugu yake ya kiangazi, na chini yake mdogo wangu alikuwa ameandika kwamba hapa ni pori tupu.

Video ningeweza kuivumilia. Nilionekana nayumba, na kweli nilikuwa nayumba. Picha ile ndiyo iliyoniingia.

"Uliniambia unanihesabia muda," nikamwambia kitinda mimba.

"Dada, niliogopa ukijua utakataa."

"Ningekataa."

Mdogo wangu akaingilia. "Dada, tusikilize. Ukianguka kule kijitoni peke yako, nani atajua? Unataka tukuokote siku ya tatu? Njoo uone."

Akanipeleka uani. Kulikuwa na chumba kimepakwa rangi, kitanda kimetandikwa, na bafuni ukutani kulikuwa na chuma cha kushikilia, kimechomelewa vizuri. Nilikishika. Kilikuwa juu kidogo kwangu.

"Tulitaka kukushtukiza," akasema. "Urefu nilikisia."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile. Sitasema hakikunigusa. Mtu hapaki chumba rangi kwa kukuchukia. Lakini walikuwa wamenitengenezea mwisho wangu bila kuniuliza hata urefu wa mkono wangu, na ili mwisho huo ukamilike ilibidi nionekane sisimami na shamba lionekane limelala.

"Ntumba ni nini?" nikamuuliza.

"Dada, jamani..."

"Nakuuliza. Tumbo hilo umelijaza na nini? Nani alikupeleka zahanati mgongoni, mvua inanyesha, juu ya magogo yaleyale, wewe unalia unaninyonga shingo? Leo unapiga picha ntumba unaziita pori. Yule mtu baki alizijua kwa kidole kimoja."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la hasira au la aibu. Akasema, "Sawa. Kama umepona, simama hapa. Mguu mmoja, tukuone wote wawili. Ukiweza, sasa hivi nampigia yule bwana namwambia basi."

Miguu yangu ilitaka. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza Salamu Maria kwa mguu wa kulia, nikamaliza na kwa wa kushoto. Ningesimama hapo mpaka chai yao ipoe. Lakini nilibaki nimekaa.

"Sisimami."

"Kumbe huwezi."

"Naweza. Nikisimama leo, mwakani mtanisimamisha tena, na siku nitakayoyumba mtaniondoa. Shamba lile sikulishika kwa sababu siyumbi. Mpigie kwa sababu umesema uongo."

Hakupiga. Nikawaambia yule bwana atatungoja shambani Jumapili baada ya misa. Nilirudi Pito kwa miguu, na njia nzima nilikuwa najiuliza kama nimelipoteza shamba kwa kiburi cha kukaa kitandani.

Jumapili baada ya misa nilizunguka kwenye karavati nikamkuta yule bwana ameshafika, kofia mkononi. Baadaye niliwaona wadogo zangu ng'ambo ya kijito. Mdogo wangu alifika kwenye magogo akasimama. Akajaribu kwa mguu mmoja, akaurudisha. Akavua viatu. Akajaribu tena, akarudi. Mwishowe wote wawili wakazunguka kwenye karavati kama mimi, wakafika wanahema.

Yule bwana hakumgombeza. Alimsalimia kwa heshima, kisha akamnyooshea jembe langu.

"Bwana mkubwa, uliniambia ni pori. Hebu pasua moja nione."

Mdogo wangu akanitazama. "Pasua," nikamwambia. "Nakuruhusu moja."

Akapanda mguu mmoja juu ya ntumba, mwingine bondeni, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Akayumba. Akashika bega la kitinda mimba. Jembe likaingia, ntumba ikafunguka, na weusi wote ule ukamwagika kwenye soksi zake. Akasimama anautazama. Nilimwona anavuta pumzi, na nikajua ile harufu imemfikia, maana tulilala na harufu hiyo miilini utoto wetu wote.

"Basi," akamwambia yule bwana, bila kumtazama. "Samahani. Lina mwenyewe."

Yule bwana akavaa kofia, akaniaga, akaenda zake. Mdogo wangu alibaki akijaribu kuirudishia ile ntumba kwa mikono, akashindwa, maana ikishapasuliwa imepasuliwa. Nikamwambia aiache.

"Video nimeifuta, dada," kitinda mimba akasema.

"Vizuri," nikasema. Lakini ilikuwa imeshafika kwa watu nisiowajua, na kwenye simu zao bado naanguka.

Mstari wa majivu nachora bado. Ila siku nikisikia kitinda mimba anakuja, namaliza mapema na kufagia ua. Sijamwambia kwamba sasa naweza sala mbili. Kile chumba cha Katandala sijakikataa. Nilimwambia mdogo wangu kile chuma akishushe vidole vinne, na siku nitakayokihitaji nitasema mwenyewe.

Mvua zilipofungua, wote wawili walikuja kunisaidia kupasua. Pale kwenye karavati maji yalikuwa yamepita juu, pamebaki utelezi. Kitinda mimba alitangulia, akageuka, akaninyooshea mkono.

Nilimpa kapu la mbegu ya ulezi alibebe. Mimi nikashika fimbo yangu, nikanyoosha shingo, nikavuka.